Goti la Mgeni Rasmi

Goti la kulia la Mfaume kinyozi lilikatwa vizuri, likatiwa chuma kizuri, likashonwa vizuri, na tangu siku hiyo halikunyooka tena.

Halikuwa likimuuma sana. Yale maumivu ya zamani, ya mfupa kusagana na mfupa, yalikwisha kabisa. Shida ni kwamba goti lilibaki limekunjika, kama la mtu aliyevutiwa kiti akawa ndiyo kwanza anajiandaa kukikalia. Akisimama, alionekana anakaa. Akitembea, alionekana anatafuta pa kukaa. Na kinyozi, hata katika nchi ile, ananyoa akiwa wima.

Nchi yenyewe msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ni nchi ya amani. Ina bendera, ina wimbo, na ina barabara ya lami inayotoka ikulu hadi uwanja wa ndege bila kupotea njia kwenda kwingine. Kiongozi wake haitwi rais wala mfalme. Anaitwa Mgeni Rasmi wa Kudumu, kwa sababu tangu ashike nchi haijafanyika shughuli ambayo yeye hakuwa mgeni rasmi: ufunguzi wa daraja, ufungaji wa daraja hilohilo lilipopasuka, mashindano ya kuku wa mayai, hata harusi ya binti yake mwenyewe, ambako alikaribishwa nyumbani kwake, akaoneshwa pa kukaa, akapewa soda. Wananchi wanampenda. Wameambiwa hivyo na redio, na hawajaona sababu ya kubishana na redio.

Wananchi nao wana adabu, na adabu yao kubwa iko kwenye salamu. Ukimuuliza mtu wa nchi ile habari, atakujibu njema, hata kama nyumba inaungua nyuma yake na wewe unaona moshi. Njema kwanza. Kisha anavuta pumzi, anasema "ila", na nyuma ya hiyo ila ndipo yanatoka ya kweli: ila nyumba inaungua, ila mtoto kalazwa, ila kiwanda kimefungwa na tumerudishwa wote. Mtu anayeanza na shida kabla ya kusema njema anahesabiwa hakulelewa, na familia zenye heshima zinamnyima binti.

*

Mfaume alikuwa na kibanda cha kunyolea pembeni mwa soko, kiti kimoja cha kuzunguka, vioo viwili na mdomo. Wengi walifuata mdomo kuliko mashine. Ndani ya kibanda kile alimsema waziri, akamsema mbunge, akawasema wote waliowahi kukata utepe, na mwenye povu kidevuni hakuwa na la kufanya zaidi ya kuitikia. Miaka mingi ya kusimama upande mmoja wa kiti ndiyo iliyolimaliza goti lake la kulia.

Mkewe, Asumini, alikuwa na goti bovu la kushoto. Lake lilimalizwa na kilima. Mama yake, bibi kizee asiyeona, alikaa mahali panapoitwa Kileleni, ambako gari halifiki na pikipiki inafika ikisukumwa. Kila Jumamosi Asumini alipanda na chakula cha wiki nzima kichwani. Bibi yule alikataa kuhamia mjini, akisema mjini hatua za watu zimechanganyika mno, hawezi kujua nani anamjia. Kule juu alimtambua mwanawe tangu akiwa mbali kwa mlio wa miguu yake kwenye changarawe, akamfungulia mlango kabla hajabisha.

Basi redio ilipotangaza kwamba taifa limenunua roboti ya kubadilishia magoti, na kwamba matibabu ni ya bure, mume na mke walipelekana hospitali siku hiyohiyo kuandikisha majina. Mfaume akawekwa kundi la kwanza. Asumini akaambiwa asubiri la pili.

"Ukiona langu limekaa vizuri, ndiyo na wewe uende," Mfaume alimwambia njiani. "Mimi ni wa kujaribiwa."

"Wewe ni wa kujaribiwa tangu uliponioa," alijibu Asumini.

*

Roboti iliitwa Mkono wa Taifa. Kwa hakika ulikuwa mkono tu, mrefu, mweupe, umesimama juu ya sanduku lenye magurudumu, umeshika msumeno mdogo. Kazi yake si ngumu kuieleza. Mguu wa mgonjwa unapigwa picha kwanza, kompyuta inachora goti lake lilivyo na inapanga mfupa ukatwe wapi. Daktari anaposhika msumeno, mkono unamwongoza afuate mpango ule. Akitaka kutoka nje ya mpango, mkono unakataa, unasimama. Nchi nyingine, tunaambiwa, watu wametembea vizuri sana kwa msaada wake.

Uzinduzi ulifanyika kwenye uwanja wa hospitali. Wagonjwa waliotoka wodini kupisha mahema walikaa juani wakapiga makofi. Akina mama walipewa khanga zenye picha ya goti. Mkasi wa kukatia utepe uliletwa juu ya mto wa hariri, umebebwa na muuguzi, na hospitali nzima haikuwa na mkasi mwingine. Mfaume alikuwepo, akiegemea mti wa bendera, na alipiga makofi kama wenzake.

Mafundi wa kigeni walioleta mtambo walieleza kwamba lazima apimwe mtu mmoja wa mfano, alale chali mezani, mguu umenyooshwa. Hapo ukazuka mgogoro. Kupimwa kwa kwanza kulikuwa heshima, na heshima ya kwanza ni ya Mgeni Rasmi. Lakini Mkurugenzi wa Itifaki alikumbusha kwamba Mgeni Rasmi halali chali mbele ya watu waliosimama. Atalala hivyo siku moja tu, na siku hiyo ni kosa la jinai kuizungumzia. Wageni wakanong'onezana kwa lugha yao. Ukaletwa uamuzi wa busara: Mgeni Rasmi atapimwa akiwa ameketi, kwenye kiti chake cha enzi, ndani ya suruali yake.

Akapimwa hivyo. Mtambo ukawasha taa nyekundu na kulia kama mbuzi. Mshereheshaji akatangaza kwamba hiyo ni salamu ya mtambo kwa Mgeni Rasmi, na uwanja mzima ukaiitikia kwa vigelegele.

Profesa Lwitiko, daktari mkuu wa mifupa, ndiye aliyepewa nafasi ya kutoa hotuba. Alikuwa mtu mpole aliyewahi kukata magoti kwa mkono wake miaka mingi, na watu wakatembea. Siku ile alivaa suti mpya, akasema kwamba sayansi na uzalendo vimekutana katika kiungo kimoja. Akasema binadamu wote ni sawa, na kama wote ni sawa, basi goti moja la mfano likishapimwa, ni kama yamepimwa yote. Watu walicheka kidogo, wakidhani ni utani wa wasomi. Mgeni Rasmi hakucheka. Alitikisa kichwa taratibu, na mwandishi wa redio akayaandika maneno yale kama sera.

*

Kundi la kwanza lilikatwa na kutoka. Mmojammoja walisimamishwa, na mmojammoja walibaki wamekunjika goti, pembe ileile, kama waliofinyangwa na mfinyanzi mmoja. Walipanga foleni ya chakula wakionekana kama watu waliokaa kwenye benchi ambalo limeondolewa.

Malalamiko yalipofika wizarani, wizara haikuyapuuza. Iliunda kamati, kamati ikakaa, na baada ya kukaa sana ikatoa taarifa kwamba magoti yamefaulu kwa asilimia mia, na kwamba dosari iko kwenye ile miguu mingine, ambayo bado imenyooka kwa mtindo wa zamani. Wananchi waliombwa wawe na subira na miguu hiyo. Kikosi cha gwaride kiliagizwa kufanya mazoezi kikiwa kimejikunja ili kisiwakwaze wanufaika. Mafundi cherehani walielekezwa namna ya kushona suruali mpya, na wapo waliopata tuzo.

Mfaume alirudi kibandani. Alijaribu kunyoa akiwa ameegemea ukuta, akajaribu kwa kuweka matofali chini ya mguu mmoja, akaishia kunyoa akiwa juu ya kigoda huku mteja amekaa kwenye mkeka. Jioni kiuno kiliwaka moto. Ndembo, muuza nyama wa banda la pili, rafiki yake wa tangu utotoni, alikuja kumtazama na kumcheka.

"Habari za mguu, bwana mkubwa?"

"Njema," alisema Mfaume. Akavuta pumzi. "Ila haunyooki."

"Naona. Nilidhani unataka kuniamkia."

"Nikuamkie wewe? Ndevu zako nazijua tangu zikiwa tatu."

Walicheka, lakini Ndembo alipogeuka kurudi kwenye nyama zake alikuwa hacheki tena.

*

Aliyeleta habari kamili ni Kisaka, mwendesha mtambo wa hospitali, mtu wa makamo mwenye upara unaohitaji kunyolewa pembeni tu. Alikaa kwenye mkeka, shingo nyuma, povu kidevuni, wembe wa Mfaume ukipita taratibu kooni. Huenda ni wembe uliomlegeza, au ni lile goti lililokuwa mbele ya macho yake limekunjika.

"Kaka Mfaume, hilo goti unajua la nani?"

"Langu. Nimepewa bure, lakini langu."

"Si lako," alisema Kisaka. "Ni la Mgeni Rasmi."

Akasimulia akiwa amefumba macho. Wale mafundi wa kigeni walikuwa wamemwambia kwamba kipimo cha siku ya sherehe ni cha maonesho tu, akifute kabla ya kazi kuanza, maana mtambo umeundwa hivyo, kwamba kipimo cha kwanza ndicho mama wa vipimo vyote vinavyofuata. Kesho yake asubuhi aliwasha kompyuta, akabonyeza pa kufutia. Kompyuta ikamuuliza: Una hakika unataka kumfuta Mgeni Rasmi wa Kudumu?

Wembe ulisimama.

"Ukajibu nini?"

"Wewe ungejibu nini?"

Mfaume, mwenye mdomo wake unaojulikana soko zima, aliendelea kunyoa. Baadaye aliuliza kama Profesa anajua. Kisaka akasema Profesa alijua tangu goti la kwanza. Aliona msumeno unakwenda pasipotakiwa, akataka kuupindisha kwa mkono kama alivyozoea, na mtambo ukamkatalia. Akarudia. Ukamkatalia tena, ukalia, taa nyekundu ikawaka. Ndipo Profesa akaulegeza mkono wake, akauacha mwingine ufanye kazi.

"Nina watoto wanne, kaka," alisema Kisaka akipangusa povu.

"Miguu yao inanyooka?"

"Yote."

"Basi wamshukuru baba yao," alisema Mfaume. Hakudai hela ya kunyoa, na Kisaka hakujua kama ni ukarimu au ni tusi.

Usiku ule redio ilisoma majina ya kundi la pili. La Asumini lilikuwemo.

*

Katika nchi ile jina likishasomwa redioni halirudi. Kulikataa goti kulikuwa kumkataa mwenye goti. Mchoma mahindi mmoja alijaribu kujificha kwa shemeji yake, akafuatwa na gari la wagonjwa lenye spika juu, likiimba.

Mfaume alikwenda kwa Profesa Lwitiko, akasubiri kutwa nzima kwenye korido pamoja na wengine wa kundi lake, wote wakionekana wamekaa ingawa viti havikuwepo. Alipoingia hakupiga kelele. Alisema mkewe ana mama juu ya kilima, na kilima hakipandiki kwa goti la kukalia kiti. Akaomba jina lake lifutwe.

Profesa aliinuka akafunga mlango. Akasema yeye hawezi kufuta jina, na Kisaka hawezi kufuta kipimo. Zamani akikosea goti, ndugu wa mgonjwa walimsubiri yeye getini. Sasa goti likikosewa, hakuna anayesubiriwa. Alisema hayo kwa sauti ya mtu aliyepumzika, kisha akaona haya, akatazama dirishani.

"Anayeweza kumfuta Mgeni Rasmi ni Mgeni Rasmi mwenyewe," alisema. "Aambiwe tu. Na mimi nakuhakikishia si mtu mbaya, hajui. Lakini lazima aambiwe na mwenye goti. Nikisema mimi, ni hujuma. Akisema mnufaika, ni maoni."

Akaeleza namna. Jumamosi ile kulikuwa na Siku ya Goti. Mgeni Rasmi angekuja kuona wanufaika, na kwa desturi yake angemuuliza mmoja wao swali moja mbele ya umma. Profesa angemweka Mfaume mwanzo wa mstari. Kundi la pili lilipangiwa Jumatatu, kwa hiyo muda ulikuwepo.

"Kwa nini mimi?"

"Nimeambiwa una mdomo," alisema Profesa.

*

Walifanya mazoezi kibandani, mlango umefungwa. Ndembo alikaa kwenye kiti cha kuzunguka, taulo begani kama mshipi wa heshima, akawa Mgeni Rasmi. Asumini alikaa kwenye kigoda, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele, maana huo bado ulinyooka.

Ndembo alikohoa kikubwa. Akauliza, kwa sauti nzito, habari za goti.

"Njema tu, mheshimiwa," alisema Mfaume, "ila..."

"Achana na njema," alimkatiza Ndembo. "Anza na ila."

Wakarudia. Njema ikatoka tena. Wakarudia tena, Mfaume amekaza taya, na neno likamponyoka lilelile. Akasema haiwezekani. Mtu mzima hakuulizi habari ukamrushia ubaya usoni kama maji machafu. Mama yake angegeuka kaburini. Ndembo akamwambia mama yake alikuwa mteja wake wa maini na alikuwa na matusi kuliko wachinjaji wote, kwa hiyo amwache alale. Asumini alicheka mpaka akajishika goti.

Kisha akamtazama mumewe.

"Sema njema yako kama huwezi kuiacha," alisema. "Lakini baba, ila iwahi. Usivute pumzi."

Mfaume akaahidi. Siku zote zilizobaki alitembea akiyasema kwa pamoja, njemaila, njemaila, kama mtoto anayetumwa dukani na anaogopa kusahau.

*

Siku ya Goti ilifika na mahema yake. Wanufaika walipangwa mstari mmoja mbele ya jukwaa, wote wamekunjika pembe moja, wote na khanga au kofia mpya. Asumini alikaa safu ya tatu, kwenye viti vilivyoandikwa Wanufaika Watarajiwa.

Mgeni Rasmi wa Kudumu alishuka kwenye gari, akasimama wima. Alikuwa na miguu mizuri, iliyonyooka kama nguzo za simu. Aliutazama mstari ule kwa muda, na uso wake ukalainika.

"Wanainama," alimwambia Mkurugenzi wa Itifaki. "Hata hawajaambiwa. Watu wangu wana adabu."

Waziri alihutubia. Alisema nchi nyingine zinawapa wananchi wake magoti ya kila mtu na lake, kiholela, huku hapa kila mwananchi ataingia kaburini na goti la kiongozi. Alisema umoja wa kitaifa ulikuwa maneno, sasa ni chuma. Bendi ikapiga. Kisha Mgeni Rasmi akashuka jukwaani mwenyewe, mshereheshaji nyuma yake na kipaza sauti, akaja hadi mwanzo wa mstari.

Alinukia sabuni nzuri. Ndevu zake, Mfaume aliona, zilikuwa zimenyolewa na mtu anayetetemeka.

"Mzee wangu," alisema Mgeni Rasmi, na ilikuwa sauti ya upole kweli, "habari za goti?"

Kipaza sauti kikaja kinywani.

"Njema tu, mheshimiwa," alisema Mfaume, na kwa mazoea ya maisha yake yote, akavuta pumzi.

Katika pumzi hiyo mshereheshaji alikuwa ameshaondoa kipaza sauti. "Njema tu," alirudia kwa uwanja mzima, na uwanja ukalipuka, bendi ikaanza, akina mama wakasimama na khanga zao, ndege wakaruka kutoka kwenye paa la chumba cha maiti. Mfaume alisema ila. Aliisema kabisa, midomo yake ilijikunja na kuitoa, na haikusikika hata kwa mwenzake wa pembeni.

Lakini Mgeni Rasmi alikuwa ameuona mdomo. Hatua moja mbele, alisimama, akarudi, akainamisha sikio.

"Kuna jambo, mzee wangu?"

Hapo hapakuwa na kipaza sauti cha kunyang'anywa. Palikuwa na sikio moja, kubwa, safi, karibu kiasi cha kulinyoa nywele. Nyuma ya sikio palikuwa na Mkurugenzi wa Itifaki akitabasamu kwa meno tu. Nyuma yake Profesa Lwitiko, akitazama viatu vyake. Na nyuma kabisa, safu ya tatu, Asumini, ambaye alikuwa amesimama.

"Hakuna, mheshimiwa," alisema Mfaume. "Karibu tena."

*

Kufikia Jumapili maneno "Njema Tu" yalikuwa yamepakwa rangi ukutani mwa hospitali, marefu kuliko ukuta, hata herufi za mwisho zikapinda kuingia chooni. Redio ilipiga sauti ya Mfaume kila baada ya taarifa ya habari.

Jumatatu alimsindikiza mkewe. Walikwenda polepole, yeye amejikunja, Asumini akichechemea lakini wima, na kila waliyekutana naye aliwauliza habari nao wakajibu njema. Getini Asumini alimpa pete na pochi amshikie.

"Ilikuwa mdomoni," alisema Mfaume.

"Najua. Niliiona."

"Na ile ya pili..."

"Na ile ya pili niliiona," alisema Asumini. Akaingia.

Kisaka aliwasha mtambo. Profesa alishika msumeno kwa vidole viwili, bila kubishana. Kazi ilikwenda haraka, taa nyekundu haikuwaka hata mara moja.

Miezi ikapita kabla Asumini hajajaribu kilima. Alipanda mara moja, Jumamosi, bila mzigo, tangu asubuhi hadi jua likageuka, sehemu nyingine akienda kwa makalio. Alipofika mlango ulikuwa umefungwa. Akabisha.

"Nani?" aliuliza mama yake kutoka ndani.

"Mimi, mama."

"Sijui hizo hatua."

Alipofunguliwa alikaa chini mlangoni. Mama yake alimpapasa uso, kisha bega, kisha akaushusha mkono hadi kwenye goti, akauacha hapo.

"Habari za goti, mwanangu?"

"Njema, mama."

Bibi alisubiri. Alikuwa mtu aliyelelewa, alijua baada ya njema kuna kitu kinakuja, na alisubiri mkono ukiwa palepale kwenye chuma. Asumini alitazama njia aliyopanda. Hakusema kitu kingine.

Sasa hesabu ya gharama ni hii. Goti la kulia la mume, na goti la kushoto la mke. Kiti cha kuzunguka, kilichouzwa kwa kinyozi mwingine anayesimama. Wateja, karibu wote, maana mkekani watu hawapendi, na kibanda kimekuwa kimya, mwenye kibanda hamsemi waziri wala mbunge. Ndembo, ambaye bado anapita na bado anatania, lakini haulizi tena habari za mguu. Njia ya Kileleni. Na bibi kizee mmoja asiyeona, anayeletewa chakula na jirani siku jirani akikumbuka, na ambaye kila Jumamosi anakaa karibu na mlango akisikiliza changarawe.

Matibabu yenyewe yalikuwa ya bure.